Nani Aling'oa Visiki vya Nachingwea?

Ndugu msomaji, nyumbani kwa marehemu babu yangu, upande wa Ruangwa, kulikuwa na spana moja nyeusi, ndefu kama mkono wa mtoto na nzito kiasi kwamba sisi wajukuu tuliinyanyua kwa mikono miwili. Haikuwa ikifungua wala kukaza kitu. Kazi yake ilikuwa kuuzuia mlango wa uani usipigwe na upepo. Nyumba ile haikuwa na gari wala trekta, na mashine pekee iliyokuwamo ilikuwa cherehani ya bibi. Hata hivyo sikumbuki kama yupo mmoja wetu aliyewahi kumwuliza mzee yule spana ile ilitoka wapi, na ilikuwa ya kufungulia nini. Tulichojua ni maneno ya bibi tu: "Babu yenu alikuwa kwenye karanga." Aliyasema kama vile watu wanavyosema kwamba fulani alikuwa vitani.

Jumapili hii nataka tuzungumze juu ya karanga hizo. Bila shaka wewe uliyepita shule umekwisha kusikia habari za Mpango wa Karanga wa Tanganyika. Husimuliwa kama kichekesho: Waingereza walikuja na matrekta, wakamwaga mamilioni ya pauni, wakarudi kwao mikono mitupu. Kichekesho hicho kina ukweli ndani yake, na sisi Waafrika tunayo haki ya kucheka. Lakini nimesoma mengi yaliyoandikwa juu ya jambo hili, na kinachonishangaza ni kwamba hata wale wanaomcheka mkoloni huendelea kumzungumza yeye tu. Waziri anatajwa kwa jina, meneja anatajwa kwa jina, hata trekta linatajwa kwa jina. Watu waliong'oa visiki, waliotandika reli na waliopakua shehena hutajwa kwa mkupuo mmoja, kama mifuko ya saruji: "vibarua".

Tuanze na chanzo. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Siagi na majarini viligawiwa kwa kadi. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa, iliyokuwa tawi la Unilever, alipeleka kwa serikali yake wazo la kulima karanga kwa mashine katika Tanganyika. Serikali ikatuma ujumbe wa watu watatu chini ya John Wakefield, aliyekuwa zamani Mkurugenzi wa Kilimo wa nchi hii. Kwa muda wa majuma tisa walizunguka, sehemu kubwa wakiitazama nchi kutoka angani kwa ndege, kisha wakaandika taarifa yao. Mapema mwaka 1947 mpango ukatangazwa: ekari 3,210,000, zigawanywe katika mashamba makubwa 107, kila moja ekari 30,000, kwa gharama ya pauni milioni 25. Mashamba 17 yangekuwa Rhodesia ya Kaskazini na 10 Kenya. Themanini yaliyobaki yalikuwa ya Tanganyika, na katika hayo 80, mashamba 55 yaliwekwa katika Jimbo la Kusini.

Hebu zitazame tena hesabu hizo, ndugu msomaji. Wengi wetu tunapotaja karanga tunataja Kongwa, kwa sababu huko ndiko kazi ilikoanzia. Kongwa ilikuwa jirani na reli ya kati, basi ikawa rahisi kufikisha mashine. Lakini kwenye karatasi, zaidi ya nusu ya mpango mzima ilikuwa juu ya mabega ya kusini, na kitovu chake kilikuwa Nachingwea, mahali ambapo hapakuwa na reli, wala bandari ya kina, wala barabara ya kupitisha mtambo mzito. Vyote hivyo vilipaswa kujengwa kwanza, na ujenzi huo ulihitaji watu.

Kuna jambo jingine ambalo mfanyakazi wa leo hapaswi kulipita bila kusimama. Serikali iliyoupitisha mpango huu ilikuwa ya chama cha Labour, yaani chama kilichobeba jina la kazi yenyewe, kilichoingia madarakani mwaka 1945 kwa kura za wachimba makaa ya mawe, makuli na wafanyakazi wa viwandani. Waziri wa Chakula, John Strachey, alikuwa mtu aliyeandika vitabu vya kuushambulia ubepari. Sina sababu ya kuamini kwamba watu hao walikuwa waongo. Nadhani walikusudia kweli kweli mfanyakazi wa Manchester apate majarini kwenye mkate wake. Ila yule ambaye angeitoa karanga hiyo ardhini hakukaa nao mezani mpango ulipokuwa ukiandikwa.

Ujumbe wa Wakefield uliona kutoka angani nchi iliyoonekana tupu. Misitu ya miombo na mianzi, mbung'o wengi, vijiji vichache vyenye umbali mkubwa kati yao. Ardhi isiyokuwa na watu, wakasema. Lakini nchi hii ina sababu zake za kuwa na watu wachache. Kwa karne nzima misafara ya pembe na watumwa ilikuwa ikikata njia kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa na Lindi. Halafu zikaja Vita vya Maji Maji mwaka 1905, vilivyoizunguka nchi ya Wamwera na kuichoma misheni ya Nyangao, na baada ya vita Wajerumani wakaacha nyuma yao njaa iliyoua kuliko risasi. Kabla ya kizazi kilichosalia hakijapata nguvu, ikafika vita ya wazungu wenyewe kwa wenyewe. Mwezi wa Oktoba 1917 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipambana kwa siku nne Mahiwa, jirani na hapo hapo Nyangao, na kila upande ulibebewa risasi, mahema na chakula na wapagazi Waafrika ambao wengi wao hawakurudi makwao. Nchi ile haikuwa tupu. Ilikuwa imetumiwa.

Wale waliobaki walikuwa wamekwisha kujua kazi ya mshahara ina sura gani. Kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa kwenye mashamba ya mkonge, kama vile Kikwetu karibu na Lindi. Huko mtu alipewa kipande, karatasi yenye nafasi za kazi za siku 30, na siku ambayo msimamizi hakuridhika haikuandikwa. Wengine walisafiri mbali zaidi, hadi Tanga, kwa mkataba. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kutafuta watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na kila aliyeandikwa alipewa namba. Watu wa namna hiyo waliitwa kwa neno ambalo hadi leo Watanzania hulitumia, manamba. Walter Rodney, yule mwanahistoria wa Guyana aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika pamoja na Kapepwa Tambila na Laurent Sago kitabu juu ya watu hawa, kilichotoka mwaka 1983, miaka mitatu baada ya Rodney kuuawa kwao. Pamoja na wenyeji walikuwapo pia Wamakonde na Wamakua waliovuka mto Ruvuma kukimbia kazi za shuruti za Wareno. Hao nitawarudia.

Basi karanga zilipofika, zilikuta watu wenye uzoefu wa kufanyishwa kazi. Walichokuwa hawajakiona ni mashine.

Mashine zenyewe, kusema kweli, nazo zilikuwa zimechoka na vita. Matrekta mengi yalinunuliwa kutoka kwenye malundo ya mali ya majeshi, mengine yakitoka Ufilipino kwa meli. Vifaru aina ya Sherman viliondolewa mizinga, vikageuzwa matrekta na kampuni ya Vickers-Armstrongs, vikapewa jina la Shervick. Kabla mwaka 1947 haujaisha, theluthi mbili za matrekta yaliyoletwa yalikuwa yamelala yakisubiri vipuri. Ili kuangusha msitu, matrekta mawili makubwa yalifungwa mnyororo wa nanga ya meli, yakaenda sambamba, na mnyororo ukavuta kila kilichokuwa katikati. Wageni waliokuja kutazama waliandika kwa mshangao jinsi ekari nzima ilivyolala chini kwa muda mfupi.

Sasa mgeni akaenda zake kunywa chai. Ekari ilikuwa imelala, lakini haikuwa shamba. Mti ulipovunjika, mizizi ilibaki ardhini, na mzizi wa miombo ukikutana na jembe la trekta, kinachovunjika si mzizi. Kwa hiyo nyuma ya mnyororo walifuata watu wenye mapanga, mashoka na majembe ya mkono. Walikata matawi, wakakusanya magogo katika mistari mirefu, wakayachoma, kisha wakarudi kuokota mizizi, mmoja mmoja, wakainama juani, na jembe likipita walirudi tena kuokota ile iliyoibuliwa. Ukitaka kujua mpango wa mashine uliendeshwa na nini, jibu ni hilo: uliendeshwa na migongo iliyoinama. Mimi mwenyewe nimewahi kushika jembe kusafisha robo ekari ya pori pale Ruangwa, na jioni sikuweza kukaa wima kula ugali. Ekari 30,000, mara 55!

Kulikuwa na daraja nyingine ya wafanyakazi juu ya hao. Vijana waliorudi kutoka King's African Rifles, waliojifunza udereva na ufundi huko Burma na Uhabeshi, walipata kazi ya kuendesha malori na matrekta. Wengine walifundishwa haraka haraka, majuma machache tu, wakakabidhiwa katapila. Hawa ndio walioleta vijijini maneno ambayo leo hakuna anayeyaona kuwa mageni: spana, gia, greda, klachi. Walikuwa na majivuno yao. Mtu aliyetembea na mafuta ya gia kwenye mikono alikuwa mtu wa kutazamwa mara mbili gulioni. Lakini hata yeye alikuta kwamba ngazi ya mishahara ilipangwa kwa rangi, kama ilivyokuwa kila mahali katika Tanganyika ya siku zile: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, hata pale ambapo wote watatu walishika spana moja.

Mashamba nayo yakapewa namba. Hapakuwa na haja ya kuuliza wenyeji mahali pale paliitwaje; ilitosha kuandika Shamba la kwanza, la pili, na kuendelea. Ndiyo maana hadi leo ukifika Nachingwea utasikia watu wakisema "Farm 17" kama wanavyosema Kariakoo au Magomeni. Mtu aliyewahi kuwa manamba kule Tanga akirudi kwao, alikuta ardhi yake mwenyewe imekuwa manamba.

Akina mama wanaoisoma safu hii watauliza: je, na sisi tulikuwa wapi? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo linaloeleza fumbo moja kubwa la kazi za kikoloni. Mshahara wa Mwafrika ulihesabiwa kama mshahara wa mseja. Ulitosha, kwa shida, kumlisha mtu mmoja na kulipa kodi yake. Haukuhesabu mke, wala watoto, wala mzazi mzee. Basi nani aliwalisha hao? Mwanamke aliyebaki kijijini, akalima mtama, mahindi na mihogo peke yake, akafukuza nyani na nguruwe peke yake, akamwuguza mtoto peke yake. Mtu yule aliporudi na homa au mguu uliovunjika, hakurudi kwa kampuni, alirudi kwenye shamba la mkewe. Kila senti ambayo mwajiri hakuilipa ililipwa na jembe la mwanamke. Bibi yangu hakuwahi kuhesabiwa katika kitabu chochote cha Mpango wa Karanga, lakini naamini alikuwa mfanyakazi wake.

Tena ndiyo sababu wanaume walikuwa wakiondoka. Mabwana walilalamika kwamba Mwafrika hana moyo wa kazi, kwa kuwa mvua za kwanza zinyeshapo anaacha ajira anakwenda kwao. Alikwenda kulima. Angebaki, watoto wangekula nini mwezi wa Februari? Aliyeshindwa kufanya hesabu hapo si Mwafrika. Wenye mashamba ya mkonge, kwa upande wao, waliutazama mpango huu kwa wasiwasi, wakihofu utawavuta watu wao na kupandisha ujira. Hofu hiyo yenyewe inatuonyesha jinsi ujira ulivyokuwa.

Huku pori likiangushwa, kazi nyingine ilikuwa ikiendelea kuelekea pwani. Gati la muda lilijengwa Mkwaya, kwenye hori la Lindi, na kutoka hapo reli ikapanda bonde la mto Lukuledi hadi Nachingwea, ikafunguliwa mwaka 1949. Mtwara ikachaguliwa kuwa bandari kubwa, kwa sababu ghuba yake ina kina, ikakamilika katika mwaka 1954, wakati ambapo karanga zenyewe zilikuwa zimekwisha kufa. Reli ikaunganishwa hadi Mtwara, ikazidi kilomita 200. Nani aliyabeba mataruma? Nani alichimba matuta ya udongo katika bonde lile lenye mbu, ambalo Lukuledi hulifurika akipenda? Ukipita leo barabara ya Mtama na Nyangao, wakati mwingine utaona tuta refu lililonyooka kupita kiasi, limeota nyasi. Watoto hulitumia kama njia ya kwendea shule.

Usidhani kwamba watu hao walinyamaza. Mwezi wa Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, kwa kuwa bei za vitu zilikuwa zimepanda na mshahara umebaki palepale. Mgomo ule ulipanda treni. Ulifuata reli ya kati kituo baada ya kituo, ukawagusa watu wa Morogoro, Dodoma na Tabora, na wafanyakazi wa karanga kule Kongwa nao wakaacha kazi. Hapo ndipo penye utamu wa habari. Waingereza walikuwa wamewaleta maofisa wa kuwafundisha Waafrika taratibu za vyama vya wafanyakazi, wakitumaini kwamba wangejifunza polepole. Wanafunzi wale walielewa somo upesi kuliko walivyotarajiwa. Makuli walipata nyongeza, ingawa chama chao kilivunjwa baada ya mgomo wa mwaka 1950. Mashine na wasimamizi walipohamishwa kutoka Kongwa kwenda kusini, si rahisi kuamini kwamba habari za mgomo zilibaki nyuma. Mwaka 1955 lilipoundwa Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika, Rashidi Kawawa akiwa Katibu Mkuu wake, lilikuta nchi ambayo mfanyakazi wake alikuwa amekwisha kugoma, akashinda, akashindwa, na kujua tofauti ya hayo mawili.

Mwisho wa mpango wenyewe hauhitaji maneno mengi. Mvua za Kongwa zilikosa, udongo wake ukawa mgumu kama tofali, na Nachingwea, penye mvua nzuri zaidi, pori lilikuwa nene kuliko makadirio. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuufuta, na hasara ikawa kiasi cha pauni milioni 36. Ekari zilizosafishwa hazikufika hata sehemu ya kumi ya zile zilizotangazwa. Alan Wood, aliyekuwa ofisa wa habari wa Shirika la Chakula la Ng'ambo lililouendesha mpango huo, alijiuzulu, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1950. Bungeni London walishutumiana kwa muda mrefu juu ya fedha za mlipa kodi. Wale wazungu wakapanda meli. Kilichobaki Nachingwea kikaendelea kama shamba la majaribio, na mwaka 1955 kikakabidhiwa kwa Shirika la Kilimo la Tanganyika, lililowapangisha wakulima Waafrika sehemu za ardhi ile ile. Reli ilikosa mizigo, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, muda mfupi baada ya Uhuru, kisha ikang'olewa. Nawaza, je, aliyeitandika na aliyeing'oa hawakuwa mtu mmoja? Inawezekana kabisa. Miaka kumi na mitatu si mingi katika umri wa mwanamume.

Sasa niwarudie wale waliovuka Ruvuma. Wamakonde wa Msumbiji waliofanya kazi kwenye mkonge na bandarini katika Tanganyika, Kenya na Zanzibar walikuwa na vyama vyao vya kusaidiana, vya mazishi na ngoma. Vyama hivyo ndivyo vilivyozaa MANU mwaka 1961, baada ya Wareno kuwapiga risasi wananchi pale Mueda tarehe 16 Juni 1960, na MANU ilikuwa mojawapo ya vyama vilivyoungana Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 kuunda FRELIMO. Vita vya ukombozi vikaanza Septemba 1964. FRELIMO ilipohitaji mahali pa kuwafundishia wapiganaji, Tanzania iliwapa Nachingwea, na kambi ikawekwa Farm 17. Kwa miaka kumi hivi, chini ya Samora Machel, vijana walifunzwa vita pale pale palipokusudiwa majarini. Hata Kongwa ilikuwa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Sijui kama Bwana Strachey, aliyefariki mwaka 1963, angecheka au angelia. Mimi ninachokiona ni kwamba manamba aliyetoka Msumbiji kuja kukata mkonge alirudi kwao na bunduki, na Mei 1975 Samora alianza safari yake kutoka Ruvuma hadi Maputo kuipokea nchi.

Halafu ikaja zamu ya korosho. Hapa wasomaji wenye umri watakumbuka wenyewe. Mikorosho iliyopandwa na wakulima wadogo wa Ruangwa, Nachingwea, Masasi na Newala, bila trekta wala waziri wa chakula, iliifikisha Tanzania kwenye tani 145,000 katika msimu wa 1973/74. Ndipo vikajengwa viwanda vya kubangua, na Nachingwea ikapata chake. Lakini viwanda vilipokuwa vikiinuka, korosho zilikuwa zikishuka: wakulima walikuwa wamehamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa ndogo na ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Mashine zikasimama, na viwanda vingi vikaishia kuwa maghala. Safari hii mpango ulikuwa wetu wenyewe, na haitakuwa haki kumcheka Mwingereza kisha tukalipita jambo hili kimya kimya. Mara zote mbili mashine ilinunuliwa kwanza, mtu akafikiriwa baadaye. Leo chama kikuu cha ushirika RUNALI kinaziunganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale katika mnada wa korosho, na sehemu kubwa ya korosho zetu bado huvuka bahari zikiwa na maganda yake, zikabanguliwe na mikono ya wafanyakazi wa India na Vietnam.

Mwaka juzi nilikwenda Ruangwa kwa mazishi ya shangazi yake baba. Spana bado ipo. Nilimpelekea mjomba wangu, fundi wa magari mwenye gereji yake Nachingwea mjini, aitazame. Aliifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, herufi zikajitokeza, akasema kipimo chake ni cha inchi, cha zamani, na katika gereji nzima hakuna nati inayoingia. Akaijaribu kwenye lori, akaijaribu kwenye trekta la mtu lililokuwa likisubiri pistoni, akatikisa kichwa. Tukampigia simu bibi. Alifikiri kidogo, akasema anakumbuka siku ilipoletwa, kwa kuwa siku hiyo babu alileta pia kanga mbili na sukari, na alikuwa amekwisha kuachishwa kazi. Ilikuwa ya kufungulia nini hasa, hakujua. Wenzake babu waliokuwa kwenye gengi moja? Akawataja kwa majina, mmoja mmoja, kwa utaratibu, na baada ya kila jina akasema alipozikwa.

Kisha akaagiza spana irudishwe upesi, maana mlango unapigwa na upepo.